Kishonanguo Kiingie Darasani

Askari arudipo doria katika nyasi za bonde la Rusizi, aghalabu huketi kizingitini na kuanza kazi ya kuchosha: kung'oa mbegu nyeusi za kishonanguo zilizong'ang'ania suruali yake. Kisha huvua fulana ya kujikinga na risasi kwa kuvuta ule utepe unaonata, wenye kutoa sauti kama ya nguo inayochanika. Ni wachache wanaotambua kwamba vitu hivi viwili vina udugu.

Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini na mbwa wake, wote wawili wamejaa vitunda vya miiba. Wengine wangelaani na kuvitupa. Yeye alivitia chini ya hadubini, akaona kulabu ndogo mno zilizoshika nyuzi za nguo na manyoya. Kuliiga umbile hilo kwa nailoni kulimchukua miaka mingi. Hataza ya Marekani aliipata mwaka 1955, na bidhaa yake, Velcro, imo leo katika viatu vya watoto, mikoba na mavazi ya majeshi. Haikukosa ila: mwaka 2010 jeshi la Marekani liliamua kurudisha vifungo vya kawaida katika baadhi ya mifuko ya suruali, maana vumbi huziba zile kulabu. Wenzetu waliotumikia Somalia kuanzia mwaka 2007 hawahitaji kufundishwa habari za vumbi.

Tunayanena haya kwa ajili ya watoto wetu. Tangu yaanze mageuzi ya shule ya msingi mwaka 2013, ambayo yalifikisha masomo hayo darasa la 9, sayansi na teknolojia imo katika mafunzo. Lakini mahali pengi mtoto hunakili ubaoni mchoro wa jani, ilhali jani lenyewe liko nje ya dirisha. Kubuni vyombo vya kila siku kwa kuiga maumbile hakungoji maabara. Kunataka kioo cha kukuzia, na mwalimu mwenye ruhusa ya kutoka nje.

Mtoto akipewa mbegu ya kishonanguo na kipande cha ule utepe, atagundua kwamba havishiki kwa namna moja. Utepe una kulabu, hushika na kuachia. Kishonanguo kina vijimiiba vinavyoelekea nyuma, mfano wa ndoana ya mvuvi wa Tanganyika: huingia kwa wepesi, hakitoki ila kwa nguvu. Kipi kifunge mkoba, na kipi kizuie kamba isichomoke? Na ajaribu kwa waya na kitambaa, ashindwe, ajaribu tena.

Au achukue jani la jimbi, lile tuliitalo iteke kwa Kirundi, alimwagie maji. Matone yataviringika na kuanguka, jani libaki kavu. Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott wa Ujerumani alionyesha kwamba siri ya majani ya namna hiyo ni vinundu vidogo sana vilivyopakwa nta. Polisi wa barabarani aliyelowa katika mvua za Aprili ataona mara moja faida ya koti la namna hiyo.

Hata hivyo kuiga si kukisia. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996, lilibuniwa na Mick Pearce kwa mfano wa kichuguu, nalo hupoa vizuri. Wachunguzi walipopima vichuguu baadaye, walikuta hewa haipiti humo jinsi ilivyodhaniwa. Basi na watoto wapime.

Mzazi mwenye sare atauliza: je, mtihani wa darasa la 9 utauliza habari za kishonanguo? Pengine hautauliza. Lakini mtoto huyo atahitaji kazi baada ya mtihani, na ajira za serikali hazitoshi.

Tunawaomba wakuu wa vikosi jambo moja dogo. Katika bohari za kambi hazikosekani fulana zilizochakaa na darubini zilizovunjika. Zitolewe kwa kibali, zipewe shule wanazosoma watoto wa askari. Lenzi ya jicho la darubini iliyovunjika, ikigeuzwa, hukuza mbegu ya kishonanguo kiasi cha kumwonyesha mtoto miiba yake.