Kompyuta Ikiuliza Kila Siku, Usijibu kwa Kuchoka



Siku hizi kijana arudipo likizo huku kwetu milimani huja na kompyuta yake, na jioni jamaa wote huketi kutazama video ya arusi au kusikiliza kwaya. Mara kioo chauliza: Je, waruhusu programu hii ipokee mawasiliano kutoka mtandaoni? Baba aagiza, "Bonyeza ndiyo, tuendelee." Kesho yake swali ni lile lile, na kesho kutwa pia. Mwisho mmoja asema, "Zima ulinzi wote, tupumzike!" Neno hili lataka kufikiriwa.

Aulizaye ni nani? Ni mlinzi wa kompyuta aitwaye faiawoli, maana yake ukuta wa kuzuia moto. Wewe ukitoka kwenda mtandaoni kutafuta wimbo, kwa kawaida hakuzuii. Lakini atokaye nje akataka kuingia bila kuitwa, humsimamisha. Sasa, programu nyingi za nyimbo na video zaweza pia kuzungumza na kompyuta nyingine, au kupeleka picha kwenye televisheni iliyo katika mtandao mmoja nazo. Kwa kazi hiyo zataka mlango ufunguliwe, ndipo mlinzi auliza.

Basi jueni hili: wimbo uliokwisha kuwekwa ndani ya kompyuta hauhitaji mlango huo. Ukikataa, kwaya itaendelea kuimba.

Je, yafaa kumfukuza mlinzi? La, hasha. Mwezi wa Agosti 2003 kirusi kiitwacho Blaster kilienea duniani katika kompyuta zenye Windows. Hakikungoja mtu afungue barua wala faili. Kilipita mlango uliokuwa wazi. Agosti 2004 kampuni ya Microsoft ilitoa masahihisho ya Windows XP, na humo mlinzi huyu alikuwa amewashwa tangu mwanzo. Hakuna Mpare abomoaye ukingo wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, kwa sababu kizibo chake kimekwama. Hutengeneza kizibo.

Lakini kwa nini aulize kila siku? Katika Windows, mlinzi huandika jibu lako katika orodha yake, pamoja na mahali programu ilipo. Programu ikihama, kwake ni mgeni mpya. Watu wengi hupeana programu kwa flashi na kuifungua humo humo. Leo kompyuta yaiita flashi ile E, kesho yaiita F; mahali pamebadilika, na swali larudi. Katika kompyuta za Apple sababu ijulikanayo sana ni nyingine: ile sahihi ya siri ya mtengenezaji iliyomo katika programu imeharibika, hata mlinzi hawezi kuitambua tena, naye huuliza kila ifunguliwapo.

Tufanyeje, basi?

Kwanza, soma jina la programu iliyotajwa. Kama huijui, kataa.

Pili, achana na nakala ya flashi. Ifute hata ile iliyoharibika, kisha uchukue nyingine kwa mtengenezaji mwenyewe na kuiweka ndani ya kompyuta. Mathalani VLC, yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa, ilitokana na kazi iliyoanzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa. Hutolewa bure katika videolan.org.

Tatu, swali likija baada ya hapo, jibu mara moja kwa kufikiri. Kama huna haja ya kupeleka picha kwenye televisheni, kataa. Kama unayo, ruhusu kwa mtandao wa nyumbani tu, wala si kwa mtandao wa hadhara kama wa hosteli au hoteli.

Nne, kama mlikwisha kubali mengi bila kusoma, andikeni neno firewall katika nafasi ya kutafutia ya Windows, mfungue orodha ya programu zilizoruhusiwa, na kuondoa ruhusa ya zile msizozijua. Kazi hii yataka mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Mwiteni mwenye nenosiri.

Hatari kubwa haimo katika wimbo. Imo katika desturi ya kusema ndiyo ili swali liondoke. Mtu aliyezoea kujibu hivyo mara tisini na tisa, mara ya mia humfungulia mwizi, na humo ndani mna picha za watoto, hesabu za kikundi cha akina mama, na karatasi za shamba. Wazazi, mfundisheni kijana wenu asome kwanza, ndipo abonyeze. Naye kijana amweleze baba yake kwa adabu kwamba mlinzi aulizaye ni bora kuliko mlinzi alalaye.

Karani wenu, Chome