Macho yaliyotokeza na kope za chini
Macho yaliyotokeza hutafutiwa chanzo kwanza, kwa kuwa kwa watu wazima mara nyingi ni ugonjwa wa Graves, wa tezi ya thairoidi, na sigara huuzidisha. Ukishatulia, daktari hupanua tundu la jicho kwa kupunguza mfupa au mafuta, kisha hurekebisha misuli. Kope huja mwisho. Teprotumumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hurudisha macho ndani bila kisu, ingawa yaweza kudhuru usikivu. Kwa aliyezaliwa na macho ya namna hii, kukata ngozi ya kope ya chini ni kujitafutia balaa: kope hushuka, jicho likakauka. Hata kuikaza huweza kuitelezesha chini zaidi, kama mkanda chini ya kitambi. Sindano ya asidi ya haialuroniki hujaza bonde lililo chini ya jicho kwa muda tu. Ikiingia mshipani, jambo adimu, inaweza kupofusha.