Hicho Kitambi Hakiyeyuki

Wasee, pitieni Mama Ngina Drive jioni yoyote. Hamkosi mtu kavaa jaketi zito, kajifunga nailoni tumboni, anakimbia na joto letu hili. (Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, sijui wanaitoa wapi.) Muulize, atakwambia anayeyusha kitambi.

Hakuna kinachoyeyuka hapo. Jasho ni maji na chumvi. Ile kilo "uliyopunguza" inarudi ukishakunywa maji. Mwili unatoa jasho ili ujipoze, na kinachopoza ni lile jasho kukauka. Sasa hewa ya Mombasa ishajaa unyevu, jasho linadondoka tu bila kukupoza. Halafu uongeze nailoni? Umejipika mwenyewe.

Mwaka 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa kisiwani, uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele, bingwa mara 5 mfululizo, joto lilimtoa mbioni mzunguko wa mwisho. Akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Bekele, jamani! Wewe na jaketi lako je?

Na mwacheni kumcheka anayeloa mapema. Mwili uliozoea mazoezi huanza kutoa jasho upesi. Wa kuhofiwa ni yule anayepata kizunguzungu, anaanza kuongea ovyo. Huyo kivulini, mmwagieni maji, mpelekeni hospitali haraka.

Lakini ikiwa umelala tu, feni inazunguka, shuka linaloa kila usiku na unazidi kukonda, usisingizie joto. Nenda kapimwe TB.