Mbona hukutuuliza, Ahriman?

Kama hujawahi kucheza Warhammer 40,000, usijali, wengi wetu tuliujua kwenye simu kabla ya kuuona mezani. Ni mchezo wa vita wa kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, ulioanza 1987. Unapanga sanamu ndogo za plastiki ulizopaka rangi mwenyewe, unarusha dadu, jeshi lako linapigana na la mwenzako.

Humo kuna kikosi kinachoninyima usingizi: Rubric Marines wa jeshi la Thousand Sons. Ukipasua vazi la chuma la mmoja wao hupati mwili wala damu. Linamwagika vumbi tu. Roho yake imefungiwa humo, haikufa ikapumzika, wala haiishi. Inatembea ikiamrishwa, inapiga risasi ikiamrishwa. Mchawi wao asipokuwepo, wanazubaa.

Walifikaje hapo? Hapo ndipo stori inauma. Aliyewafanyia hivyo si adui, ni mwenzao, Ahriman. Miili ya wanajeshi hao ilikuwa inageuka, inaota vitu ambavyo si vya binadamu, naye hakuweza kuvumilia kuwatazama wakiharibika. Akakusanya wachawi wachache, bila ruhusa ya Magnus, baba yao, wakafanya uganga mkubwa uitwao Rubric.

Na ulifaulu, ati! Miili ikaacha kugeuka. Wenye kipaji kikubwa cha uchawi wakabaki na miili yao. Wale wa kawaida wakawa vumbi.

Umeona hesabu hiyo? Waliokata shauri walipona. Waliokatiwa ndio waliolipa.

Mashabiki wengi humtetea Ahriman. Alikuwa na nia njema, wanasema, na wenzake wangeangamia tu. Sawa, nia ilikuwa njema. Lakini nia njema si ruhusa.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kozi nilichaguliwa na watu wanaonipenda, na upendo wao sijawahi kuutilia shaka. Nilikuwa naamka, naingia darasani, naandika noti, narudi. Nikiitwa jina, naitika. Ndani, vumbi. Sikuambii uache masomo, manze. Karo ya mathe ilienda na maji na hilo linaniuma hadi leo. Ninachojutia zaidi ni kwamba sikusema mapema, na hakuna aliyeniuliza.

Kwa hivyo, kabla hujamwokoa mdogo wako, rafiki yako au mpenzi wako, mkalishe chini umuulize anataka nini. Na kama ni wewe unayeokolewa kwa lazima, sema sasa, wakati bado una sauti.

Ahriman, baada ya kufukuzwa na Magnus, bado anazunguka galaksi akisaka maarifa makubwa zaidi. Kuwauliza wenzake swali moja kungekuwa rahisi kuliko safari yote hiyo.