Mawaridi Ulaya, plastiki sebuleni

Jamani wadau, leo naweka siasa pembeni. Nataka tuzungumzie waridi. Ndiyo, ua. Msicheke kwanza.

Ingia sebule nyingi za mjini utakuta chombo cha maua ya plastiki, mekundu, yamejaa vumbi. Wakati huohuo, Naivasha kule Kenya mawaridi yanakatwa kila siku, yanapakiwa kwenye ndege, mengine yanakwenda hadi kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Arusha nako yamelimwa miaka mingi kwa soko hilohilo. Yaani ardhi yetu, maji yetu, mikono ya dada zetu, halafu mezani kwetu plastiki!

Ukiuliza kwa nini hatupandi nyumbani, unajibiwa mambo mawili: eti ni ua la Wazungu, na eti linasumbua. Yote mawili nayakataa.

Hilo la Uzungu linachekesha. Neno lenyewe waridi limetoka kwenye Kiarabu. Watu wa Pwani wamewanyunyizia wageni marashi ya waridi kwenye maulidi na harusi tangu enzi za mabibi. Kule Oman, milima ya Jabal Akhdar, hadi leo wanachemsha petali kutengeneza marashi hayo. Sasa Mzungu kaingilia wapi?

Na kusumbua? Mwaridi unasumbua ukiulea kama yai. Wengi wetu tunaua kwa mapenzi: maji asubuhi, maji jioni, tunamwagia hadi majani. Majani yakikaa na maji, ukungu unaingia, unaona madoa meusi, yanageuka njano na kudondoka. Mwagia shinani, asubuhi, udongo ukianza kukauka juu. Majani yaliyodondoka yaokote uyatupe mbali, maana ugonjwa unabaki humo.

Kosa kubwa zaidi ni kuogopa mkasi. Mtu anaona huruma kukata tawi, matokeo yake mti unarefuka kama mlingoti na ua moja kileleni. Mawaridi mengi ya bustanini huchanua kwenye matawi machanga, kwa hiyo usipokata hupati maua. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lisielekee katikati. Ua likinyauka, liondoe.

Mengine ni madogo: jua saa sita hivi kwa siku, samadi iliyooza vizuri, na vidukari wakija wapulizie maji yenye sabuni kidogo. Huna uwanja? Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inatosha, hata kwenye baraza ya ghorofani.

Ushauri mmoja ukienda kwa wauza miche: usidanganywe na ukubwa wa ua, inama unuse. Mawaridi mengi ya biashara yametengenezwa yavumilie safari na yakae siku nyingi kwenye chombo, harufu ikaachwa njiani. La nyumbani halisafiri kwenda kokote. Kwa nini likose harufu?

Siku hizi nyua zetu tunazimaliza kwa saruji na vitofali, tunaita usafi. Mimi naita uvivu. Acheni hata kipande cha futi mbili kwa mbili. Kama tunaweza kuwalimia wengine kwa tani, hatushindwi kujilimia mche mmoja.

Naomba kuwasilisha.