Waridi likikauka, usimsake mchawi

Leo naongea na nyie mliohamia kwenye nyumba zenu, mkaachana na mambo ya kujificha chumbani mwenye nyumba akija kudai kodi. Hongereni!

Ila kuna jambo linanikera huku kwetu Kimara. Mtu anahamia Jumamosi, Jumapili keshanunua miche ya waridi kwa vijana wa kando ya barabara, anaichomeka uani. Baada ya miezi miwili majani manjano, mche hoi. Hapo maneno yanaanza: "Yule mama jirani alipita akayasifia, ana jicho baya yule!" Watu hawasalimiani mwaka mzima, kisa ua.

Jamani, jicho gani? Hebu chimbua hapo chini uone. Utakuta mabonge ya zege, misumari na vipande vya mifuko ya saruji. Saruji imejaa chokaa, na chokaa ikizidi, mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Ndiyo maana jani linapauka, inabaki mishipa tu ya kijani. Halafu ule udongo uliotoka kwenye shimo la choo mkausambaza juu. Ule ni wa chini kabisa, rutuba hauna.

Dawa ipo, wala haihitaji mganga. Kwanza okota misumari yote, maana watoto wanacheza peku hapo. Pili, kifusi kiondoke, usikifukie. Pale mafundi walipokuwa wanakoroga zege, chimba futi moja, toa udongo wote, jaza mwingine. Kwingine lima vizuri, maana pameshindiliwa na magari ya mchanga, kisha changanya samadi. Iwe ya zamani, mbichi inaunguza mizizi.

Usianze na waridi. Mwaga mchicha kwanza. Ukistawi, udongo umepona na mboga umepata. Ukidumaa, ongeza samadi. Miche ya bei mbaya ingoje mvua za masika, Machi hadi Mei, uokoe hela ya maji. Na mwembe uupande mbali, hatua kumi toka ukutani na shimo la choo, la sivyo mizizi itakugomba.

Na yule mama jirani akisifia tena, mkatie tawi akapande kwake. Huenda anataka mbegu tu, maskini.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.