Vakansi Si Ruhusa ya Kuacha Mbio, Lakini Tangulia Kusalimia

Mwezi wa saba umefika. Watoto wamefunga masomo, na hapa Bangboka tunaona familia zikipita na mizigo kuelekea uwanja wa ndege. Wengine wanashuka mjini, kilomita 17 hivi, kutafuta baleniere ya kushuka na mto. Kati yao wamo wenzangu ambao tunakutana kila asubuhi kwenye njia ya Ituri tukifanya futingi. Mmoja aliniambia juzi: "Yaya, tutaonana mwezi wa tisa. Viatu naviacha nyumbani. Vakansi ni kupumzika."

Mimi nasema hapana. Vitie kwenye mzigo. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, na nililipa.

Miaka mitatu iliyopita nilipimwa tansiyo: 16 kwa 10. Nilikuwa na miaka 33. Baba yangu aliondoka kwa ugonjwa huo huo. Alianguka asubuhi, jioni tukamlilia. Watu wanafikiri sisi wa redio tunatembea sana. Kweli tunatembea, lakini juu ya pikipiki, kiisha tunakaa kwenye kiti mbele ya maikro. Daktari alinipa dawa na kuniambia niamshe miguu. Nilianza polepole, toka mlango wa nyumba mpaka njia kubwa. Kiisha miezi sita nilikuwa nakimbia nusu saa bila kusimama, na tansiyo ilikuwa imeshuka.

Halafu vakansi ikafika. Wiki tano Kinshasa kwa dada yangu. Siku ya kwanza nilisema nimechoka na safari. Siku ya pili, magari ni mengi. Siku ya tatu sikutafuta tena sababu. Ilikuwa samaki ya chumvi, bia ya jioni na kulala mpaka jua liwe juu. Niliporudi Bangboka, njia niliyokuwa nakimbia bila shida nilisimama mara mbili, mikono kwenye magoti. Nilipopimwa, ilikuwa 15 kwa 10. Wakati wote dawa nilikuwa nakunywa.

Pumzi si kama baiskeli unayoifungia ndani na kuikuta vile ulivyoiacha. Mtu akiacha mazoezi kabisa, nguvu ya moyo na mapafu inaanza kushuka kwa wiki mbili tu au zaidi kidogo. Lakini habari nzuri ni kwamba kulinda ulichopata hakuombi mengi. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mashauri mwaka 2020: mtu mzima afanye kwa wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi ya nguvu, kama kukimbia. Gawa hizo 75 kwa siku tatu: ni dakika 25. Nani anakosa dakika 25, mara tatu kwa wiki, akiwa vakansi?

Najua jibu la wakubwa wengi: "Hayo ni mambo ya wazungu. Mama anayetoka shambani na mzigo wa makemba kichwani, nani alimfundisha futingi?" Wana haki. Mama huyo hahitaji mbio zangu, anahitaji barabara nzuri na mtu wa kumsaidia mzigo. Lakini mimi si yeye. Mimi ninakaa. Mwalimu anakaa, karani anakaa, dereva anakaa. Na vakansi inatukalisha zaidi, tena mbele ya sahani ya lituma ambayo mwenyeji anaijaza kila inaposhuka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni zito zaidi kuliko tansiyo yangu.

Mwaka jana nilikwenda vakansi kwa noko, ndugu ya mama, kijijini upande wa Yangambi. Safari hii nilibeba viatu. Asubuhi ya pili, kabla jua halijatoka vizuri, nilipita kijijini nikikimbia. Mama mmoja alikuwa anawasha moto. Aliniona, akaacha kuni, akashika mtoto na kuita jirani. Nilipofika mwisho wa kijiji na kugeuka, nilikuta nyumba tatu ziko wazi na watu wamesimama nje na vifurushi. Walidhani kuna kitu nyuma yangu.

Mama huyo alikuwa ametoka upande wa Lubunga mwaka 2023, wakati wa mgogoro wa Wambole na Walengola. Wasomaji wa Kisangani hawahitaji nieleze. Tuliona familia zikivuka mto na magodoro. Nilimwomba msamaha. Hakunikasirikia. Alisema tu: "Papa, sisi tunapoona mtu anakimbia, hatuulizi."

Noko aliniita pembeni. "Mwana wa dada yangu, wewe ni mtu wa redio. Kukimbia ni habari. Na habari mtu anaitangaza kwanza." Jioni hiyo tulikwenda kwa kapita, kiisha tukapita nyumba kwa nyumba kusalimia. Nilieleza ugonjwa wangu, na saa na njia nitakayopita. Watu walicheka, wengine walinihurumia. Kesho yake watoto kumi walinifuata mpaka mtoni.

Kwa hiyo mashauri yangu kwa wanaosafiri ni haya. Kwanza, salimia mbele ya kukimbia. Kijijini, mwone kapita. Mjini, mwambie mwenyeji wako utapita wapi, maana yeye anajua pembe zisizo nzuri. Pili, kaa mbali na kambi za askari, vizuizi na ukuta wa uwanja wa ndege. Asubuhi yenye giza, askari hawezi kujua kama unakimbia sababu ya afya. Vaa nguo ya rangi inayoonekana. Tatu, ngoja mwangaza. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja: mwili uliozoea kuamka saa kumi na moja hapa, kule utaamka saa kumi, giza tupu. Rudi kulala kidogo. Nne, punguza. Ukikuta matope baada ya mvua, tembea kwa haraka. Na kama una tansiyo, dawa isibaki nyumbani. Mbio haichukui nafasi yake.

Wako watakaosema: kama kukimbia kunaogopesha watu, si bora kuacha? Nimefikiri sana juu ya hilo. Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kirotshe, Kivu ya Kaskazini, aliondoka nchini akiwa mtoto sababu ya vita. Mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Rio akivaa rangi za Kongo. Tukiiacha mbio iwe kazi ya wanaokimbia vita peke yao, tumeupa ule mgogoro kitu kingine zaidi cha kutunyang'anya. Lakini hatuwezi kuirudisha kwa nguvu, kwa kupita mbio mbele ya mtu ambaye bado anaota usiku. Tunairudisha kwa salamu.

Nilikaa kwa noko wiki mbili. Nilikimbia siku sita tu, nyingine zilikuwa za mvua na za kulala, sikatai. Asubuhi ya mwisho nilipita tena mbele ya yule mama. Alikuwa anapuliza moto wake. Aliinua macho, akaniona, akaendelea kupuliza.

Safari njema, ndugu zangu. Na viatu, vitieni kwenye mzigo.